Upatanisho wa Kisarufi katika Lugha ya C
Miaka mingi nilifundisha ngeli, na uzeeni nimekuta mfano wake katika lugha ya C, aliyoibuni Dennis Ritchie nchini Marekani mwaka 1972. Humo kila jina hutangaziwa aina yake kwanza: int ni namba kamili, float ni namba yenye desimali, char ni herufi moja. Wakati wa kuchapa, alama sharti ipatane na jina: %d kwa int, %f kwa float, %c kwa char. Asemaye “kitabu limeanguka” bado hueleweka. Achapaye float kwa %d huweza kupata namba isiyo na maana yoyote. Basi mtoto wa Namtumbo aujuaye upatanisho wa kisarufi amekwisha kulishika wazo lenyewe. Kwa nini tumsubirishe mpaka akijue Kiingereza?