Mti wa Baba na Kuzumburu wa Njombe



Katika nchi za kaskazini mwa Ulaya yuko ndege mwenye kishungi ambaye Waingereza humwita waxwing. Wakati wa baridi, matunda ya misitu ya Skandinavia na Urusi yakiadimika, ndege hao huvuka bahari kwa makundi, wakashuka katika miji ya Uingereza, wakala vitunda vyekundu vya miti iliyopandwa kando ya njia na maduka. Watu huacha shughuli zao wakasimama kuwatazama. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka kundi jingine la ndege walao matunda, lililokuwa likitazamwa wakati wa baridi papa hapa kwetu Njombe; na kumbukumbu hiyo hainipi raha. Kisa chenyewe nimekaa nacho miaka mingi bila ya kukisema. Leo nakieleza, kwa kuwa katika nyumba nyingi wamo wazee waketio barazani, na wamo vijana wenye haraka ya kupata, kama nilivyokuwa mimi.

Marehemu baba yangu alizaliwa Kilwa. Alikuja bara akiwa kibarua wa reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, na kazi ilipokwisha hakurudi pwani. Alifungua duka dogo Makambako, mahali ambapo barabara kuu iendayo Mbeya huachana na ile iendayo Njombe na Songea. Alipozeeka aliniachia mimi duka, naye akahamia Njombe mjini, mwendo wa kilomita zipatazo 60, katika kiwanja alichokinunua zamani. Uani alikuwa amepanda mti wa lokwati, ule wenye majani makubwa magumu na matunda madogo ya manjano, yenye kokwa laini za rangi ya kahawia.

Asiyeifahamu Njombe hawezi kujua baridi ya Juni na Julai ni kitu gani. Mji uko juu sana, karibu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Alfajiri ukungu hufunika mapaa, na baadhi ya siku huamkia sakitu, yaani umande ulioganda ukawa mweupe juu ya majani. Mzee wa pwani, aliyekwisha kuwa dhaifu wa kifua na miguu, hakuwa na dawa ila jiko la mkaa usiku na jua asubuhi. Basi kila siku, ukungu ukianza kupasuka, alijikongoja hadi barazani, akakaa kulielekea jua, na blanketi mabegani.

Naye hakuwa peke yake. Katika mti ule walikuwa wakija kuzumburu. Hao ni ndege wa rangi ya majivu na udongo, wenye kishungi kichwani na mkia mwembamba uupitao mwili kwa urefu, nao hutambaa matawini kama panya. Wanazuoni wa ndege wanatujulisha kwamba aina zao ni sita tu ulimwenguni, na zote zinaishi Afrika, kusini mwa Sahara. Chakula chao ni matunda, majani na machipukizi. Usiku wa baridi hujikusanya wakaning'inia pamoja, kifua kwa kifua, ili wapeane joto. Na njaa na baridi zikizidi, miili yao huweza kupoa sana, wakatulia mpaka kuche. Asubuhi hujining'iniza matawini, wakalielekeza tumbo juani, maana joto hilo huwasaidia kusaga chakula walichokula.

Baba alikuwa akiwaona wamejipanga hivyo, kila mmoja na tumbo lake juani, huchekea ndani ya blanketi akasema, "Tazama, wazee wenzangu wameshatoka." Aliwahesabu kila siku. Walikuwa kumi na tisa.

Ikafika Ramadhani ya mwaka 1435, iliyoangukia Julai ya 2014. Tabibu alikuwa amemkataza baba kufunga, naye akawa analisha maskini mmoja kwa kila siku. Sala alisali ameketi. Mimi nilikuwa nikija kutoka Makambako kila mwisho wa juma kumtazama. Na safari moja niliutazama mti vizuri, nikaona matunda yameanza kugeuka manjano, nikawaza: matunda haya yakifika Makambako wakati wa futari, pale wanaposhuka abiria, yatauzika upesi. Nikapiga hesabu ya vikombe na fedha, hata mti mzima ukawa umeshauzwa kichwani mwangu. Kisha nikawaona kuzumburu wanadonoa tunda moja, wanaliacha nusu, wanakwenda la pili. Moyo wangu ukachemka.

Sikumwambia baba neno. Niliwapa vijana wawili wa mtaani fedha kidogo, wakaniletea ulimbo uliopikwa kwa utomvu wa mkuyu. Usiku ule, baada ya sala ya tarawehe, baba amelala, nilipanda mtini nikaupaka matawi ya juu. Nilishuka nikanawa mikono, nikala daku, nikanuia saumu.

Asubuhi niliamshwa na kelele za ndege. Tisa walikuwa wamenasa. Wengine walinasa miguu, wengine bawa na mkia, na kila aliyepapatika aligandishwa zaidi. Wale walionusurika hawakwenda mbali. Ni ndege wasioachana. Walikuwa wakiruka, kisha wakirudi kwa wenzao, na baadhi ya hao tisa walinaswa katika kurudi huko.

Baba alikuwa amekwisha kuketi barazani, ameyaona yote. Hakupiga kelele. Alisema, "Washushe. Lete mafuta ya kupikia, na majivu, na maji ya uvuguvugu." Nikakata matawi nikamletea. Mikono ilikuwa ikimtetemeka, walakini aliwashika mmoja mmoja, akalainisha ulimbo kwa mafuta, unyoya kwa unyoya, akakausha kwa majivu. Ilikuwa kazi ya mpaka adhuhuri. Wanne walikufa. Watano tuliwalaza ndani ya tenga karibu na jiko, na jua la siku ya pili likawachukua.

Nilijaribu kujitetea. Nikasema, "Baba, ndege hawa ni wezi. Mti ni wetu."

Akanijibu, "Mwanangu, hata kilichoibiwa ni sadaka."

Nami nilikuwa nimekwisha kuisikia hadithi hiyo tangu chuoni. Bwana Mtume (S.A.W.) ametufundisha, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Mwislamu apandaye mti au mmea, kisha akala humo mtu, au ndege, au mnyama, huandikiwa sadaka, na katika mapokezi ya Muslim kimetajwa hata kile kilichoibiwa. Nilikuwa nimeihifadhi kwa ulimi. Siku ile nilifahamu ni ya nani.

Baba akaendelea kunena polepole: "Wewe una miguu ya kukupeleka msikitini, na una nguvu za kufunga. Mimi mwaka huu sina hayo. Nilikuwa nikikaa hapa nikiwahesabu, nikisema moyoni, huyu ameniandikia moja, na yule ameniandikia moja. Mti huu ndio uliobaki kunifanyia kazi. Nawe umeingia usiku katika daftari langu, ukafuta."

Ndugu wasomaji, nilipata kukemewa na watu wengi maishani, lakini sijasikia neno zito kuliko hilo. Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Akanishika kichwa, akasema, "Radhi yangu unayo. Ya wale wanne kamwombe Aliyewaumba."

Nilikata kila tawi lililobaki na ulimbo, nikalitia motoni. Hata hivyo kundi halikuonekana kwa muda wa majuma matatu. Kila asubuhi baba alitoka na blanketi lake, akautazama mti mtupu, wala hakunilaumu tena. Ilikuwa heri kwangu lau angenilaumu. Baada ya Idd walirudi. Nikawahesabu kumi na wanne. Baba akasema, "Alhamdulillahi," akaligeuzia jua uso wake.

Alifariki katika Mfungo Pili, Septemba ya mwaka ule, matunda yakiwa yameiva kweli kweli. Watu walijaa uani chini ya turubai, na juu yetu kuzumburu walikuwa wakila, wakiangusha kokwa juu ya turubai, moja baada ya moja. Mtoto mmoja aliokota jiwe awafukuze, nikamshika mkono.

Sisemi kwamba mkulima asilinde shamba lake. Mwenye kutegemea mazao kwa chakula cha watoto wake ana haki ya kuyahifadhi. Atandaze wavu ulio wazi kuonekana, achume mapema, aweke mlinzi. Lakini ulimbo na sumu ni mateso, na kiumbe hakuumbwa ateswe kwa ajili ya vikombe vichache vya matunda. Na mwenye mti mmoja uani, asiyeutegemea kwa riziki, naaache matawi ya juu. Yale ya chini yanatosha watoto na majirani.

Nanyi vijana, mnapomwona mzee amekaa barazani anatazama ndege, msidhani kuwa hana kazi. Huenda yumo katika ibada iliyomsalia. Muulizeni anahesabu nini, kabla hamjagusa kilicho chake.

Mwaka 2019 tulitaka kujenga vyumba vya kupangisha pale uani, na fundi akasema mti uondoke. Sisi ndugu tulikaa, tukakubaliana kupunguza chumba kimoja. Mti ungalipo. Kila mwaka baridi ikiingia, hupanda gari Makambako alfajiri, nikafika Njombe kabla ukungu haujapasuka, nikakaa pale alipokuwa akikaa, nikahesabu. Sadaka ni yake aliyepanda. Mimi ni mwenye kuangalia tu isifutwe mara ya pili.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia, na atusamehe tuliyowafanyia kwa ujinga. Amin.

Wabillahi tawfiq.