Gari la Babu halikwenda vitani

Nyuma ya nyumba ya jirani yangu hapa Southampton, kusini mwa Uingereza, kuna banda la mbao. Ndani yake, chini ya turubai, lilikaa kwa miaka mingi gari dogo la kijani lenye umbo la sanduku. Ni Landrover ya jeshi iliyostaafu, aina ambayo Waingereza wanaiita Lightweight. Mwenyewe naye alikuwa askari dereva mstaafu. Alifariki mwaka jana.

Mimi nilimwita Babu, kama alivyoitwa na mjukuu wake ambaye ni rafiki wa mwanangu. Mkewe namwita Mama Jirani. Yeye huniita mpenzi, kama wanawake wengi wa umri wake huku wanavyomwita kila mtu, hata kondakta wa treni.

Miezi michache baada ya msiba, Mama Jirani alinigongea mlango. Paa la nyumba lilikuwa linavuja na alitaka kuliuza lile gari. Mwanawe mdogo alikuwa amepata mnunuzi, tena mnunuzi mwenye haraka. Lakini kulikuwa na sharti: angetoa bei nzuri kama angepewa ushahidi wa maandishi kwamba gari lilipigana katika vita vya Visiwa vya Falkland.

Hadithi hiyo tuliijua sote mtaani. Babu alilinunua gari miaka ya 1990, na aliyemuuzia alimwambia kuwa lilishushwa kutoka melini pale San Carlos mwezi Mei 1982, wakati Uingereza ilipokwenda kuvirudisha visiwa vile kutoka mikononi mwa Argentina. Babu akamsimulia mjukuu wake. Mjukuu, mtoto wa miaka 10, akasimama mbele ya darasa lake na picha ya gari, akawaeleza wenzake habari ya meli, baridi na mabomu. Alipigiwa makofi.

"Mwanangu anasema tuandike tu kwenye tangazo," Mama Jirani aliniambia. "Mimi nataka kujua kwanza kama ni kweli."

Nilidhani jambo hilo haliwezekani. Nani anatunza habari za gari moja kati ya maelfu? Kumbe Waingereza wanatunza.

Gari la jeshi la nchi hii huwa na namba mbili katika maisha yake. Likiwa kazini hubeba namba ya jeshi. Kuanzia mwaka 1949, kwa miongo mingi, namba hiyo ilikuwa na tarakimu mbili, herufi mbili, kisha tarakimu mbili tena. Herufi zinasema mengi: RN, kwa mfano, ni gari la Jeshi la Majini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili utaratibu ulikuwa mwingine. Herufi moja ilitangulia na kueleza aina ya chombo: C ni pikipiki, L ni lori, T ni kifaru. Gari likishauzwa kwa raia, namba ya jeshi hufutwa au kupakwa rangi, na gari hupewa namba ya kawaida. Anayetaka kujua gari lilifanya kazi wapi lazima aipate ile namba ya kwanza.

Mahali pa kuanzia ni kibao cha bati ambacho kiwanda au jeshi lilikipigilia ndani ya gari, karibu na dashibodi. Juu yake huandikwa aina ya gari, uzito, namba ya mkataba na mara nyingi namba ya jeshi. Kibao cha Babu kilikuwa kimeliwa na kutu, tukaambulia tarakimu mbili za mwisho tu. Ikabidi twende kwenye rangi.

Jumamosi ile wavulana wawili walipiga magoti mbele ya bampa na msasa laini wa maji, wakasugua polepole kama wanaosafisha jino. Ilitoka rangi ya kijani aliyopaka Babu, ikafuata kijani nyingine iliyofifia, kisha mabaka meusi ya kujificha porini. Chini ya hayo yote ikachomoza herufi nyeupe, halafu ya pili. Walipiga kelele hadi mbwa wa nyumba ya tatu akaanza kubweka. Kufikia saa ya chai tulikuwa na namba kamili.

Hatua ya pili ni kuandika barua. Kumbukumbu za vifaru na magari mengine ya deraya zinatafutwa kwenye Makumbusho ya Vifaru yaliyoko Bovington, mkoani Dorset. Za malori, Landrover na magari mengine ya kubeba watu na mizigo ziko kwenye makumbusho ya kikosi cha uchukuzi na ugavi, Royal Logistic Corps, ambayo siku hizi yako Worthy Down, karibu na mji wa Winchester. Kila gari lilikuwa na kadi yake. Kila lilipohama kutoka bohari kwenda kikosini, au kutoka kikosini kwenda karakana, karani aliandika mstari mmoja: tarehe na mahali. Baadaye kazi hiyo ikahamia kwenye kompyuta.

Tulipeleka namba, tukasubiri. Nakala ya kadi ilipofika ilikuwa imejaa vifupisho visivyosomeka. Mama Jirani hakutaka nimsomee kwa kubahatisha. Alisema angependa kwenda mahali penyewe.

Basi siku ya Jumatano, watoto wakiwa shuleni, tukapanda treni hadi Winchester. Ni safari fupi, hata chai ya chupa haijapoa umeshafika. Winchester ni mji mkongwe wenye kanisa kuu alimozikwa mwandishi Jane Austen, na sanamu ya Mfalme Alfred imesimama mwisho wa barabara kuu ikiwa imeinua upanga juu. Kutoka hapo tulichukua teksi kuelekea kaskazini, kilomita chache katikati ya mashamba.

Worthy Down leo ni kambi ya mafunzo ya jeshi, lakini zamani ilikuwa uwanja wa ndege. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ndege za Spitfire zilijaribiwa hapa. Siku tuliyofika kulikuwa na upepo mkali na anga kubwa, na ndege pekee walikuwa kunguru.

Ndani ya makumbusho kuna magari, sare, majiko ya kambini na vifaa vya ugavi wa karne kadhaa. Kuna pia Rolls-Royce nyeusi ya Jemadari Montgomery. Mama Jirani alisimama mbele yake kwa muda, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Unaona, gari la mkubwa linajulikana kwa jina lake."

Mzee mmoja aliyekuja kutembea na mkewe alituona tukihangaika na karatasi. Alikuwa mtunza bohari wa jeshi enzi zake, na vifupisho vile kwake vilikuwa kama alfabeti. Alivaa miwani, akaanza kusoma mstari kwa mstari.

Gari lilitoka kiwandani Solihull mwaka 1969 na kupelekwa bohari ya Ashchurch, mkoani Gloucestershire. Hapo lilikaa miezi minane bila kufanya lolote. "Kawaida," mzee akasema. "Magari mengi ya jeshi yamelala kuliko yalivyotembea." Mwaka 1970 likapelekwa Ujerumani Magharibi, ambako Uingereza ilikuwa na jeshi kubwa wakati wa Vita Baridi. Likakaa huko hadi mwaka 1975. Likarudi, likaingia karakana, kisha likakabidhiwa jeshi la akiba kaskazini mwa Uingereza. Mstari wa mwisho ulisema limeondolewa kwenye orodha na kupelekwa mnadani Ruddington, karibu na Nottingham. Tarehe: Februari 1981.

Mama Jirani akahesabu kwa vidole. Argentina iliingia Falkland tarehe 2 Aprili 1982. Vita viliisha tarehe 14 Juni mwaka huohuo. Siku meli zinang'oa nanga, gari hili lilikuwa na zaidi ya mwaka mmoja tangu livuliwe jeshi.

Mzee akarudisha karatasi, akauliza, "Namba yake ya kiraia inaishia na herufi gani?"

"W," akajibu Mama Jirani.

"Basi hukuhitaji kuja hapa, mama. Namba zinazoishia na W zilitolewa kati ya Agosti 1980 na Julai 1981. Gari lenyewe limekuwa likiwaambia kila siku."

Tulikaa kwenye benchi nje. Nilidhani anawaza pesa za paa. Aliponyamaza vya kutosha akasema, "Mume wangu aliendesha magari ya jeshi miaka 22. Herufi hiyo aliijua kuliko huyu mzee."

Kisha akanieleza jambo ambalo hajawahi kulizungumza mtaani. Mwaka 1982 wao walikuwa Ujerumani na watoto wadogo. Rafiki zake Babu wawili walikwenda Falkland. Yeye aliomba kwenda, hakuitwa. Jioni aliketi mbele ya televisheni bila kuongea. Hakuwahi kumdanganya mtu kwamba alikwenda. Lakini miaka ya baadaye, alipoambiwa kwamba gari hili lilikwenda, hakutaka kulichunguza.

Nilikosa la kusema. Nikakumbuka tulipowapeleka watoto Bovington kuona kifaru cha Kijerumani, Tiger 131, kilichotekwa Tunisia mwezi Aprili 1943 na ambacho bado kinatembea. Kwa miaka mingi mahali kilipotekwa palitajwa kuwa kilima kimoja, hadi utafiti wa baadaye ukaonyesha ni kingine. Kama hadithi ya kifaru mashuhuri inaweza kukosewa na kusahihishwa, ya gari la bandani nayo si ajabu. Nilimwambia hivyo. Akacheka kidogo.

Jioni tulipofika nyumbani alitoa kwenye kabati kile kitabu chekundu ambacho askari wa Uingereza alipewa alipomaliza utumishi. Tukakiweka kando ya kadi. Hii ni njia nzuri kwa yeyote anayefuatilia gari la mzazi: kadi inaonyesha gari lilikuwa wapi, kitabu kinaonyesha mtu alikuwa wapi, na unatafuta zinapokutana. Kadi yetu haikuwa na jina la dereva hata mmoja. Ina mabohari, vikosi, karakana na tarehe. Aliyeshika usukani usiku wa mvua, aliyebadilisha tairi kwenye theluji, hakuandikwa.

Babu alikuwa Ujerumani tangu 1972 hadi 1975. Gari lilikuwa huko tangu 1970 hadi 1975. Vikosi ni tofauti. Kwa miaka mitatu walikuwa nchi moja, na hakuna karatasi inayosema walionana.

"Labda alilipita barabarani," Mama Jirani akasema, akafunga kitabu.

Kazi ngumu ilikuwa bado. Mwanawe mdogo alishauri mtoto aachwe na hadithi yake, kwani inamdhuru nani? Na mnunuzi je? Mama Jirani alimjibu kwa simu, nami nikiwepo: "Ukimwachia mtoto uongo kwa sababu ni mtamu, siku atakapouona mwenyewe atatia shaka na mengine yote aliyoambiwa na babu yake. Na mengine yalikuwa kweli."

Jumapili alimwita mjukuu, akamketisha mezani na kadi mbele yake. Akamwonyesha tarehe. Mtoto alitazama kwa muda mrefu, midomo imemkaza.

"Kwa hiyo Babu alisema uongo?"

"Babu aliambiwa, akapenda kuamini. Mimi pia niliamini, kwa sababu sikuuliza."

Mtoto akanyamaza. Halafu akaanza kuuliza maswali ambayo sikuyatarajia. Ashchurch ni wapi? Kwa nini lililala miezi minane? Je, yale mabaka meusi yalipakwa Ujerumani? Bibi yake akamweleza jinsi Babu alivyomfundisha kuendesha gari kwenye barabara za kijeshi kule, na alivyogonga nguzo. Hiyo mtoto hakuwa ameisikia. Pia akasoma kwamba Lightweight ilibuniwa ili helikopta iweze kuinyanyua: unang'oa milango na paa, unabakiza mifupa yenye injini. Ukirudisha kila kitu, ni nzito kuliko Landrover ya kawaida. Hilo lilimchekesha sana.

Mnunuzi alikuja, akasoma kadi, akapunguza bei kwa pauni mia kadhaa. Mama Jirani hakubishana. Alimkabidhi ufunguo pamoja na nakala ya kadi, akamwomba asiitenganishe na gari. Zilizopatikana zilitosha kuziba upande mmoja wa paa. Upande wa pili utasubiri.

Wiki iliyofuata mjukuu alimwomba mwalimu wake dakika tano nyingine mbele ya darasa. Alikwenda na kadi. Nilipomuuliza kama walimpigia makofi, alisema hapana, lakini wenzake watatu walitaka kujua namba za magari ya babu zao zinatafutwaje.