Kura Iliyokwama Somanga

Mara ya kwanza alipogombea kiti katika baraza la chama cha wahandisi, kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Alikuwa ameingia Dar es Salaam usiku wa kuamkia siku ya mkutano, viatu vyake bado vina tope la Rufiji, maana daraja la Mkapa wakati ule lilikuwa nguzo tu zilizosimama majini na magari ya kusini yalivuka kwa kivuko pale Ndundu. Asubuhi akaketi mbele ya ukumbi pamoja na wagombea wenzake, wote wanaume, wakitazamana na wapiga kura ana kwa ana.

Msimamizi wa uchaguzi akataja jina lake. Mikono tisa ikapanda. Wa kumi ulikuwa wa kijana aliyesoma naye chuo. Aliuinua nusu, akamwona mkuu wake wa idara amegeuka kutoka safu ya mbele, akaupitisha kisogoni kana kwamba anajikuna. Miaka zaidi ya ishirini imepita na bado anaukumbuka mkono ule kuliko ile tisa.

Hakumlaumu kijana, na hamlaumu hadi leo. Watu walio nje ya fani huvichanganya vyombo viwili vya wahandisi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ni chombo cha sheria: ilitokana na sheria ya mwaka 1968, ikaundwa upya kwa sheria ya 1997, na ndiyo inayompa mhandisi namba yake na ndiyo inayoweza kumnyang'anya. Wajumbe wake huteuliwa. Chama cha kitaaluma ni kitu kingine: mtu hujiunga kwa hiari, hulipa ada, na wanachama huchagua baraza lao wenyewe. Lakini ukumbini wanaketi pamoja mkandarasi, mhandisi mshauri na mwenye mradi. Anayekuidhinishia hati ya malipo yuko safu ya mbele, anayekuandikia barua ya kupandishwa cheo yuko nyuma yako. Kunyoosha mkono mahali kama hapo si jambo dogo.

Wazee walioanzisha utaratibu ule hawakuwa na nia mbaya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973 tu. Waliotangulia walisomea Nairobi au ng'ambo. Walikuwa wachache mno, walijuana kwa majina na kwa kazi, na walitosha ndani ya chumba kimoja. Kwao mkono ulitosha. Tatizo ni kwamba fani ilikua, wahandisi wakatawanyika Kigoma, Songea na Mpanda, na ukumbi ukabaki ule ule, jijini.

Katika miaka hiyo ya kushindwa ndipo alipokutana na habari za Nora Stanton Blatch. Huyu alihitimu uhandisi wa ujenzi Cornell mwaka 1905, mwanamke wa kwanza kupata shahada hiyo chuoni hapo, na chama cha wahandisi wa ujenzi cha nchi hiyo kikampokea katika daraja la chini la uanachama. Alipoomba kupandishwa, alikataliwa. Umri wa daraja la chini ulipompita, akaondolewa. Mwaka 1916 akakishtaki chama, na mahakama ikakipa chama ushindi. Kilimtunuku daraja la juu la uanachama mwaka 2015, zaidi ya miaka arobaini baada ya kifo chake. Na chama cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1818, kilimpata rais wake wa kwanza mwanamke, Jean Venables, mwaka 2008. Habari hizi hazikumfariji. Zilimfanya aone kwamba jambo lenyewe halikuwa yeye na ujuzi wake; lilikuwa namna mlango ulivyotengenezwa.

Mara ya pili chama kilikuwa kimebadili kanuni: kura ya siri, kwa barua. Mwanachama alitumiwa karatasi pamoja na bahasha mbili. Ile ndogo haina jina, ndimo inamowekwa karatasi. Ile kubwa ina namba ya uanachama na sahihi, ili msimamizi aweze kuhakiki mpiga kura bila kujua amemchagua nani. Ni utaratibu mzuri, na yeye aliushangilia kwa moyo wote. Mkono haukuonekana tena.

Wakati huo alikuwa kwenye kile kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, cha mwisho kuwekwa lami katika barabara ya kusini. Masika yakaanza. Alijaza karatasi yake kambini chini ya taa ya jenereta, akafunga bahasha mbili, akampa dereva wa basi azipeleke Dar es Salaam. Basi likazama kwenye udongo mweusi, mbele yake malori, nyuma yake malori, abiria wakilala nje siku mbili. Kura za wenzake wa kambini zilikuwa kwenye basi hilo hilo. Alikosa kiti kwa kura tatu. Mwezi mmoja baadaye bahasha yake ikarudi, imeandikwa kwa wino mwekundu: "Imechelewa."

Barabara ile alikuwa akiijenga yeye. Hakuacha kulifikiria hilo.

Alipogombea mara ya tatu, karatasi zilikuwa zimekwisha. Kila mwanachama aliyelipa ada alipokea namba ya siri kwenye simu. Kampeni yake ilikuwa ukurasa mmoja, uliopita kwenye makundi ya WhatsApp, na ulizungumzia jambo moja: vijana wanaomaliza chuo. Tangu 2003 Bodi ina mpango wa mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu kwa wahitimu, na yeye alitaka chama kiwahimize wahandisi wakongwe walioko saiti wawapokee vijana hao na kuwafundisha, badala ya wote kurundikana ofisini mjini.

Siku ya kura alipigiwa simu na binti aliyewahi kumfundisha kazi, yuko kambi ya barabara kati ya Tabora na Mpanda.

"Shikamoo mama. Nimepanda juu ya greda natafuta mtandao. Ukikatika nakupigia tena."

"Marahaba mwanangu. Shuka kwanza usije ukaanguka."

"Nashuka, lakini nimeshakupigia kura. Wenzangu wamepanga foleni hapa chini."

Walikuwa kumi na mmoja kambini pale, na simu moja tu iliyoshika mtandao ikapita mkono kwa mkono, kila mtu akiingiza namba yake mwenyewe na kugeuka pembeni ili asionekane. Jioni matokeo yalipotangazwa, alikuwa wa pili kati ya waliopata viti.

Kikao chake cha kwanza cha baraza kilipofika kwenye mengineyo, aliomba upigaji kura uwe wa siku tano badala ya moja, na usiwekwe kati ya Machi na Mei, kwa kuwa mvua ikikolea hata minara ya simu huzimika huko porini. Mwenyekiti, mzee aliyekuwepo tangu enzi za mikono, akamuuliza kama mambo hayo kweli yanatokea. Akafungua mkoba, akatoa bahasha yenye wino mwekundu, akampa jirani yake. Ikazunguka meza nzima, kila mmoja akiisoma na kuipitisha, mpaka ikamrudia, bado imefungwa.