Bibi, bundi na minong'ono ya majirani

Bibi yangu humsalimia kenge. Mnyama huyo, mwenye urefu wa mita moja hivi, hutokea kwenye mtaro nyuma ya nyumba yetu ya Ng'ambo, hapa Tabora mjini, mnamo saa nne asubuhi jua likishachanganya, akitafuta mayai ya kuku. Mama humfukuza kwa mawe. Bibi humwambia, "Mwangaluka mgeni, wenyewe wameenda shamba." Kisha anatugeukia na kuuliza mbona hatumpi mgeni maji.

Siku nyingi tunacheka, na yeye hucheka nasi bila kujua kinachochekesha. Amevuka miaka 80. Kwa miaka mitatu sasa amekuwa akisahau: kwanza sufuria jikoni, baadaye njia ya kwenda sokoni, baadaye jina langu. Sasa ananiita kwa jina la mdogo wake aliyefariki zamani. Kile asichosahau ni utani wa bibi na mjukuu. Nikipita mbele yake nimevaa vizuri lazima aniite mke mwenza na kuniuliza kama nimempikia mume wetu.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya, kwa hiyo ndugu walinitwika kazi ya kumpeleka hospitali. Daktari aliyemwona hakukimbilia kutaja dimensia. Alianza kwa kupima damu na mkojo, akaangalia dawa anazotumia, akauliza kama analala na kama ana huzuni. Maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, hata sonona, vyote vinaweza kumchanganya mzee, na vyote vina tiba. Wazee wangapi hukalishwa nyumbani kwa maelezo kwamba "ni uzee tu"!

Baada ya hapo alimpa njiti za kiberiti na kumwomba apange umbo kama alilolipanga yeye mezani. Kipimo cha namna hiyo kilijaribiwa wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa ajili ya wazee ambao hawakusoma, kwa sababu kumwambia mtu ambaye hajawahi kushika kalamu achore saa ni kumpima shule, si akili. Watafiti huko huko Hai walikadiria kwamba katika kila wazee 100 wenye miaka 70 na zaidi, kama sita wana dimensia. Bibi alizikusanya njiti zote, akazifunga kwenye pindo la kanga. "Nitawashia moto jioni," alisema.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimtazama kwa jicho jingine, na nimeona kwamba saa zake nzuri ni zile anazokaa na wanyama. Kuku wakitoka bandani anajua ni asubuhi. Paka akianza kulia jikoni anajua ni wakati wa chakula. Wageni ndio wanaomchosha. Kila anayekuja anamshika mkono na kumuuliza, "Bibi, mimi nani?" kana kwamba ni mtihani wa darasa la nne. Akishindwa anainamisha uso. Naomba niseme hapa: acheni kuwafanyia hivyo wazee. Taja jina lako, kaa, zungumza. Paka hajawahi kumuuliza jina lake, na pengine ndiyo sababu analala miguuni pake.

Mbwa wetu, Bobi, alitusaidia zaidi ya hapo. Babu yake Bibi alikuwa mpagazi kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Alibeba frasila mbili, kama kilo 32, meno ya tembo kwenda Bagamoyo na majora ya nguo kurudi. Hadithi hiyo Bibi anaikumbuka yote, pamoja na vituo vya maji, ingawa hakumbuki kama amekunywa chai. Alasiri moja alifungua geti akaondoka. Tuliwakuta jioni, yeye na Bobi, njia ya Kwihara, kule Livingstone alikoishi mwaka 1872 na ambako nyumba yake sasa ni makumbusho. Bibi alikuwa amekaa chini ya mwembe akisubiri msafara uliokwenda Ujiji. Waliomwona njiani walituelekeza kwa mbwa: bibi hawakumtilia maanani, lakini mbwa mwekundu mwenye sikio lililokatika walimkumbuka.

Wanyama wana shida zao pia. Siku moja tulimkuta Bibi na mikwaruzo miwili ya damu kwenye mkono. Tulimuuliza ni nani amemkwaruza, akajibu ni mwiba, kisha ni paka, kisha ni shangazi. Mtu wa namna hiyo hawezi kukupa maelezo ya jeraha lake, kwa hiyo tulifanya kama ameumwa. Tuliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, tukampeleka hospitali siku hiyo hiyo aanze chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa. Bobi alikuwa amechanjwa na cheti kipo, lakini paka hakuwa na cheti, na uani kwetu hupita nguchiro na mbwa wa watu.

Haya yote nyumba yetu iliyamudu. Lililotupa hofu ni bundi.

Uani tuna mwembe mkubwa, wa jamii ile ambayo mbegu zake zilifika huku na misafara ya kutoka pwani. Shina lina pango, na ndani yake anaishi bundi mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo. Usiku hulia kama mtu anayekwaruza bati. Msimu wa maembe popo nao huja, na maembe wanayoyaangusha hupiga paa puu, puu, hadi alfajiri. Bibi, ambaye usingizi wake umeharibika kama ilivyo kwa wagonjwa wengi wa dimensia, hutoka nje saa nane usiku na kuzungumza nao. Anawaambia walale.

Nani atamwona bibi kikongwe saa nane ya usiku, paka miguuni, akizungumza na bundi, asiseme neno? Kwanza waliacha kuja watoto wa jirani. Baadaye shangazi alisikia kisimani kwamba pale kwetu "mambo yanafugwa". Msomaji wa mikoani kwetu hahitaji kuelezwa maneno hayo yanaweza kufika wapi. Tabora, Shinyanga, Mwanza, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya tuhuma za uchawi, na wengine ushahidi pekee dhidi yao ulikuwa macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa kuni kwa miaka 60. Usahaulifu humweka mzee mahali hapo hapo. Anatoka usiku, anaingia uani kwa mtu akidhani ni kwake, anamwita mtoto kwa jina la marehemu. Na akituhumiwa hawezi kujitetea. Bibi ukimuuliza kama yeye ni mchawi, anaweza kukubali kwa heshima ya mgeni.

Mjomba alitaka bundi auawe na mwembe ukatwe. Nilimwelewa; alikuwa na hofu na mama yake. Lakini mwembe ukikatwa usiku mmoja baada ya maneno kuenea, mtaa mzima utasema tumekiri.

Siku hiyo hiyo jirani mmoja aliokota chini ya mti vidonge vyeusi vyenye manyoya, vikubwa kama kidole gumba, akavipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa vikiwa kwenye mfuko wa nailoni. Vilikuwa hirizi, alisema. Mwenyekiti, mtu wa busara, hakuita mganga wala mkutano. Alikuja kwetu na yule jirani, akaviweka juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Niliomba bakuli la maji ya moto na kijiti. Bundi humeza panya mzima, na baada ya saa kadhaa hutema yale ambayo tumbo limeshindwa: manyoya na mifupa. Nilikilowesha kidonge kimoja na kukifumua mbele yao. Yalitoka mafuvu matatu ya panya, meno yakiwa bado yamo, na taya la kitu kidogo ambacho sikukitambua. Mwenyekiti alivaa miwani. Jirani aliuliza kama ni hao hao panya wanaomaliza mahindi yake stoo. Nikamwambia ndio.

Hapo nikaeleza habari za Bibi bila kuficha: ugonjwa wenyewe, usingizi, kwa nini anatoka usiku. Nilikuwa nimejiandaa pia kumkumbusha kwamba Sheria ya Uchawi, ambayo ipo tangu mwaka 1928, inamtia hatiani hata anayemtuhumu mwenzake, lakini niliiacha. Mwenyekiti ndiye aliyeitaja, taratibu, akiwa ameshika geti anaondoka.

Sitasema kwamba maneno yamekwisha. Jirani yule ananisalimia, ila bado anapita upande wa pili wa barabara akiwa na mtoto mgongoni. Tumeweka komeo juu ya mlango wa nyuma, mahali ambapo Bibi hatazami, na kengele ndogo ya mbuzi ili mlango ukifunguka mama aamke. Akitoka, mmoja wetu anatoka naye, amevaa, taa imewashwa, tunaongea kwa sauti ya kawaida. Mtu akichungulia dirishani aone watu wawili.

Mtoto wa jirani, wa darasa la tano, amerudi. Anakuja Jumamosi na kisu cha penseli, anakaa na Bibi chini ya mwembe, wanafumua vidonge. Bibi anamwita kwa jina la kaka yake, naye anaitika. Wiki iliyopita walipata mafuvu manne kwenye kidonge kimoja, na Bibi akaagiza mgeni wa juu ya mti apewe maji.