Gari Lilitoka Gereji Linang'aa, Gurudumu Likataka Kunikimbia!

Msomaji wangu mpenzi, wiki hii naomba univumilie kidogo. Nina donge rohoni na nisipolitoa hapa litanitoa roho mimi. Ni habari ya gari langu, na kwa kuwa siku hizi hata wauza mitumba wa Manzese wana vigari vyao, naamini yatakufaa.

Kagari kangu ni kadogo, kekundu, na jina lake silitaji. Wauzaji wake hapa Dar wanajulikana na mhariri wangu hataki kesi. Nilikanunua kwa mkopo wa miaka mitatu, nikala mihogo na chai ya rangi mpaka nikamaliza deni. Ndiyo maana nilipokachukua nilijiapiza kwamba hakataguswa na fundi wa chini ya mwembe. Sevisi zote ni palepale kwa wenyewe waliokileta, Barabara ya Nyerere, kwenye sakafu ya vigae na mapokezi yenye kiyoyozi. Shoga zangu wakinicheka kwamba natupa hela, nami nawajibu, "Rahisi ni ghali, jamani."

Sasa sikia kasheshe.

Agosti 2024 tulikuwa na sendofu ya binti wa mjomba kule Morogoro. Mama alitaka kwenda na treni ya umeme, ile iliyoanza kupakia abiria Juni mwaka huohuo. Alikuwa ameshaambiwa na majirani kwamba ndani kuna baridi kama Lushoto na mtu anafika kabla hajamaliza kusali. Mimi nikamkatalia. "Mama, una mtoto mwenye gari, utapandaje treni kama yatima?" Kumbe kiburi kilikuwa kinanisukuma kwenye shimo.

Ijumaa nikakapeleka sevisi. Asubuhi nikaacha funguo, jioni nikakakuta kameoshwa, kanang'aa, na harufu ya waridi ndani. Ankara ilikuwa na mistari kumi na moja: oili, filta ya oili, filta ya hewa, brek pedi za nyuma, kukagua hiki, kukaza kile. Shilingi 480,000. Nikalipa, nikapewa risiti ya EFD, kalenda na tabasamu. Nikatoka pale najiona mke wa waziri.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tukaondoka, Mama nyuma na sahani zake za zawadi kapakata. Kimara mpaka Kibaha barabara pana, mteremko tu. Baada ya Maili Moja nikaanza kusikia kitu: tok... tok... tok. Nikapunguza sauti ya redio. Mama akaniuliza, "Wewe mtoto, mbona gari linagonga kama mlango wa mdai?" Nikamwambia ni sahani zake. Akazinyanyua sahani. Tok, tok, tok.

Kupita Mlandizi, kabla ya daraja la Ruvu, kiti kikaanza kutetemeka na gari likawa linavuta upande wa kushoto kama punda aliyeona majani. Hapo nikaogopa. Nikawasha taa za tahadhari, nikaacha mafuta polepole bila kushika brek kwa nguvu, nikaegesha pembeni. Lori la mizigo likatupita hivi, uwiiiii, gari zima likayumba. Nikashuka kwenda kutazama. Miguu ikaniisha nguvu.

Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limeinama. Nati tano zinatakiwa kulishika. Zilizobaki ni tatu, na zote ningeweza kuzizungusha kwa vidole vyangu hivi vyenye rangi ya kucha! Mbili zilikwishadondoka, Mungu ndiye ajuaye wapi. Nikatazama gurudumu, nikamtazama Mama, nikaitazama ile barabara na malori yake. Nikakaa chini kwenye majani nikalia kama mtoto.

Mama hakulia. Alisema neno moja tu: "Treni."

Mwendesha bodaboda mmoja alituonea huruma, akarudi Mlandizi akatuletea fundi. Alikuja kijana wa makamo, ovaroli limeiva kwa grisi, spana zake kafunga kwenye kipande cha tairi la ndani. Gereji bubu hasa, wale niliokuwa nawadharau. Akasema, "Shikamoo mama," Mama akaitikia, "Marahaba baba, tuokoe." Akaweka jeki, akalitoa gurudumu, akanyamaza kwa muda. Halafu akaniita.

"Dada, hili gari lilifunguliwa lini?"

"Jana."

"Basi hawakukaza. Nati zilivishwa kwa mkono tu, spana haikupita. Tazama." Akanionyesha. Bolti zile zinazotokeza, ambazo mafundi huziita stadi, meno yake yalikuwa yameliwa, moja ikawa imekatika kabisa. Na matundu ya rimu, badala ya kuwa duara, yalikuwa yamepanuka kama mdomo wa samaki. Akanieleza kwamba nati za gurudumu hazikazwi moja baada ya nyingine kwa kuzunguka. Zinakazwa kwa kupishana, kama mtu anayechora nyota, ili gurudumu likae sawa. Na gereji kubwa zina spana maalumu ya kupimia nguvu, inayolia "tak!" kipimo kikifika. Hata baada ya hapo, ukishatembea kilomita 50 mpaka 100, unatakiwa uzikague tena.

Kwa kuwa roho ilishaingia wasiwasi, nikamwomba afungue boneti. Oili ilikuwa mpya kweli, safi kama asali, nisiwasingizie. Lakini alipofungua sanduku la filta ya hewa, jamani! Filta ilikuwa nyekundu kwa vumbi, ina na bawa la panzi. Ile ileile ya zamani, na kwenye ankara nimeilipia mpya! Nikamwambia airudishe kama ilivyokuwa, asiifute wala asiipulize. Kwanza nikaipiga picha kwa simu: filta, nati, stadi, rimu, na kilomita kwenye dashibodi.

Fundi akaazima nati moja kutoka gurudumu jingine, akakaza nne, akaniambia nirudi Dar kwa mwendo wa hamsini na nisithubutu kwenda mbali. Nikamuuliza bei. "Elfu kumi na tano, dada, na nauli ya boda." Nikampa thelathini, akataka kunirudishia chenji.

Na Mama? Alikataa katakata kuingia tena. Alisimamisha basi la Morogoro, akapanda na sahani zake, wala hakugeuka nyuma. Sendofu ile niliiona kwenye picha.

Basi Jumatatu nikatinga Barabara ya Nyerere. Njiani nilikuwa nimepanga matusi ya kila aina, ya Kiswahili na ya kikwetu. Lakini marehemu baba yangu aliyekuwa karani alizoea kusema mwenye karatasi hapigi kelele. Nikajizuia.

Binti wa mapokezi akanisikiliza, akatabasamu, akasema, "Pole, mama. Barabara zetu mbaya, nati huwa zinalegea zenyewe." Nikamwomba meneja. Akaja bwana mmoja wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, mpole kama shehe. "Dada yangu, pole sana. Tutakukazia, tutakubadilishia hizo stadi, na gari tutakuoshea bure."

Kuoshewa bure! Mtu umeponea chupuchupu kumzika mama yako, unaahidiwa sabuni! Nikamwambia, "Kaka, gari langu ni safi. Twende ukafungue boneti mbele yangu." Akaita fundi, boneti ikafunguliwa, filta ikatolewa. Bawa la panzi lilikuwa palepale likitusubiri. Nikamkabidhi ankara, mstari wa tatu, nikanyamaza. Yule bwana alibadilika rangi, japo alikuwa na weusi wa kutosha.

Nikampa barua. Nilikuwa nimeandika nakala mbili, ukurasa mmoja tu, bila tusi hata moja: tarehe, namba ya ankara, kazi niliyolipia, kazi niliyoikuta, na ninachotaka. Nilitaka vitu vitatu: stadi, nati na rimu mpya kwa gharama yao; hela ya filta na ya ufundi irudi; na maelezo ya maandishi ilikuwaje. Nikawapa siku saba. Chini nikaongeza kwamba nchi hii ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na tume yake, FCC, ina kazi ya kumlinda mlaji. Nisipojibiwa nitapanda ngazi zao. Nakala yangu nikaigongesha muhuri wa "Imepokelewa" palepale mapokezi. Msomaji, muhuri huo ni dawa. Mpaka wakati ule nilikuwa "mama mwenye malalamiko", baada ya muhuri nikawa "mteja wetu".

Siku ya tano wakaniita. Safari hii nikaletewa na soda. Meneja akaniambia kila kitu kimekubaliwa. Halafu akajinyoosha kama mtu anayetoa zawadi: "Na yule kijana aliyefanya uzembe tumeshamfukuza. Tulitaka umwone akuombe radhi kabla hajaondoka."

Mlango ukafunguliwa akaingia mtoto. Ndiyo, mtoto, wa miaka kumi na tisa hivi, mwanafunzi wa VETA aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Ovaroli limempwaya, macho mekundu. "Shikamoo dada. Naomba unisamehe." Machozi yakamtoka.

Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba nilikuwa nimekuja kutafuta damu. Usiku kucha nilikuwa nikiliona lile lori. Lakini nilipomtazama yule mtoto kitu kikanikaa vibaya. Nikamwambia, "Kaa, mwanangu. Nieleze."

Akaeleza. Alikuwa peke yake kwenye gari langu. Alimaliza pedi, akarudisha gurudumu, akavisha nati kwa mkono, na hapohapo msimamizi akamwita akasukume gari la mkubwa fulani lililogoma kuwaka. Aliporudi akakuta gari langu limeshashushwa jeki liko kwenye kuoshwa. Akadhani mwenzake amekaza. Na filta ya hewa? Hakupewa kabisa kutoka stoo.

Nikaomba kadi ya kazi. Meneja akasitasita, akaileta. Kadi ile ina nafasi tatu za sahihi: aliyefanya, aliyekagua, na aliyelijaribu barabarani. Nafasi ya kwanza ilikuwa na sahihi ya kitoto. Ya pili na ya tatu zilikuwa na mkono mmoja, kalamu moja, mkwaruzo mmoja: wa msimamizi. Nikatazama kilomita wakati gari linaingia, nikatazama wakati linatoka. Namba zilikuwa zilezile! Gari langu lilijaribiwa barabarani bila kutembea hata mita moja. Huo sasa ni muujiza.

Nikamwambia meneja, "Kaka yangu, huyu mtoto alikosea. Lakini huyu aliyesaini mara mbili ndiye aliyetaka kuniua. Mnamtoa kafara mwanafunzi ili mkubwa abaki na kiti. Mimi karatasi yenu ya makubaliano siisaini mpaka huyu arudi kumaliza mafunzo yake na fomu yake ya chuo ijazwe."

Nilikuwa natetemeka nikisema hayo, maana hela yangu ilikuwa mezani na ningeweza kuikosa. Kukawa kimya. Soda ikapoa, namaanisha ikapata moto. Mwishoni meneja akatoka nje, akarudi baada ya robo saa, akasema sawa. Wakaandika, nikasoma, nikasaini.

Gari limetengenezwa, hela imerudi. Yule kijana alimaliza mafunzo yake. Nilikwenda mwenyewe kuhakikisha. Nilimkuta akikaza magurudumu ya gari la watu kwa ile spana inayolia "tak", akarudia mara mbili, akaniangalia, akacheka kwa aibu. Huyo sasa hatasahau nati maisha yake yote. Msimamizi sikumwona, na sikuuliza.

Sasa nikuachie yangu machache. Ukipeleka gari sevisi, hata pawe na vigae na kiyoyozi, omba spea za zamani urudishiwe mkononi. Andika kilomita ukiacha gari, zitazame tena ukilichukua. Mimi siku hizi filta yangu naitia kidoa cha rangi ya kucha, nyekundu, mahali pa siri. Nikirudi nikakikuta kidoa, tunaanza mazungumzo. Na magurudumu yakifunguliwa, yakaguliwe tena kabla hujashika safari.

Mama amenisamehe, lakini kwa masharti. Mwezi uliopita nilimwambia twende Morogoro kumwona mtoto wa yule binti. Akakubali haraka, nikafurahi. Asubuhi yake nikamkuta amekaa sebuleni, kavaa khanga mpya, mkoba mapajani, na tiketi mbili za treni.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Nati zako umeshazikagua?