Kanda ya Babu

Mwaka jana, katika somo la isimujamii, tulipewa kazi ya kutafuta mazungumzo ya dakika kumi ya Kiswahili cha Kigali na kuyanukuu neno kwa neno. Wenzangu wengi walikwenda Biryogo na simu zao, wakaketi kwenye zile meza za chai katika barabara iliyopakwa rangi, na kabla ya magharibi walikuwa wamemaliza. Mimi nilitaka kujionyesha kidogo. Nyumbani kwa Bibi, pale pale Biryogo, kulikuwa na kaseti yenye sauti ya Babu.

Babu alikuwa fundi cherehani. Mwaka 1988 alimrekodia mdogo wake aliyekuwa Bujumbura barua ya sauti, kama watu wengi walivyofanya wakati ule kwa jamaa asiyependa kusoma. Haikutumwa. Kabla hajapatikana msafiri wa kuibeba, mdogo wake mwenyewe akatokea mlangoni, na kanda ikabaki kabatini. Ilipita mwaka 1994 ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na vyeti na picha mbili. Hayo Bibi hayasimulii, nami simuulizi. Babu sikumwona. Alifariki zaidi ya miaka kumi kabla sijazaliwa.

Kuna jambo jingine lazima nilieleze hapa, maana bila hilo insha hii itakuwa ya nyaya tupu. Cherehani ya Babu aliinunua kwa mkopo kutoka kwa fundi mwenzake, jirani, ambaye sitamtaja. Watu wa kule walisema deni halikumalizika. Watu wa kwetu walisema lilimalizika mpaka faranga ya mwisho. Wazee wote wawili wamekwishakufa, lakini mimi nimekua nikifahamu kwamba kuna nyumba moja Biryogo ambayo hatupiti mbele yake kama kuna njia nyingine.

Redio kaseti ya Bibi ilikuwa imeungua siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Nilifikiria kuazima nyingine, lakini ile ya kwanza niliyopewa ilitafuna kanda ya majaribio mbele ya macho yangu, nikarudisha mashine na shukrani. Fundi mmoja mjini aliifungua ya Bibi, akaigeuzageuza, akasema, "Dada, kichwa kizima, mota nzima, mkanda wa mpira nitakubadilishia. Ubongo ndio umekufa." Ubongo aliousema ni chipu inayokuza sauti inayotoka kwenye kichwa cha kusomea. Ya aina ile haikuwapo tena.

Hapo ndipo nilipoingia katika mambo ya priamplifaya. Nieleze kwa ufupi kwa ajili ya wenzangu wa fasihi. Kaseti, ambayo kampuni ya Philips iliionyesha kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1963, hupita mbele ya kichwa cha sumaku kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Umeme unaozaliwa pale ni mdogo mno, sehemu tu ya milivolti moja. Ukiupeleka moja kwa moja kwenye spika hutasikia kitu. Lazima kwanza ukuzwe kama mara elfu moja, na mashine inayofanya kazi hiyo ya mwanzo ndiyo priamplifaya. Zamani zilitumia valvu za kioo. Tangu transista ilipovumbuliwa Marekani mwaka 1947, kazi hiyo imeingia katika vipande vidogo visivyo na kioo wala moto.

Ila kukuza peke yake hakutoshi. Kichwa cha kaseti kwa asili yake hutoa sauti nene kwa unyonge na nyembamba kwa nguvu, kwa hiyo priamplifaya hupaswa kuinua zile nene kwa kipimo maalumu, kisha kuacha kuziinua inapofika kwenye mizunguko 1,300 hivi kwa sekunde. Kipimo hicho huwekwa na rezista na kapasita chache tu. Ikikosewa moja, sauti nzima inapinda. Kumbukeni hilo.

Rafiki yangu anayesoma uhandisi alinichorea mchoro kwenye mgongo wa karatasi ya mtihani: chipu ya NE5532, ambayo ndani yake mna vikuza sauti viwili, na vipande kama ishirini vya kuizunguka. Fizikia niliisoma sekondari, kwa hiyo sikuwa kipofu kabisa. Pasi ya kulehemu niliazima. Nilinunua ubao wenye matundu, nikakaa sakafuni chumbani usiku mbili mfululizo, kwa taa ya simu, maana mwenzangu wa chumba alitaka kulala. Nilichoma kidole gumba na pazia.

Nilipowasha mara ya kwanza, nilimsikia Babu kwa mbali sana, kama mtu aliye ng'ambo ya mto, na mto wenyewe ulikuwa unavuma. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na huo ndio mvumo niliousikia: mmmm, bila kupumzika. Nikadhani nimeharibu kitu. Rafiki yangu akacheka, akaniambia sijaharibu, nimejenga antena.

Kuuondoa mvumo kulinichukua wiki tatu, na nakiri nilizifurahia kuliko mihadhara fulani. Kwanza niliachana na adapta ya ukutani nikatumia betri mbili za volti 9. Ukapungua nusu. Kisha nikagundua kwamba nikichomoa chaja ya kompyuta, unapungua tena. Kumbe kompyuta na ukuta na mashine yangu vilikuwa vimeshikana mikono kupitia nyaya za ardhi na kufanya duara. Nyaya zangu za ardhi nilikuwa nimeziunganisha ovyo, kila moja mahali ilipoangukia. Nikazifumua zote, nikazikutanisha kwenye nukta moja. Waya unaotoka kwenye kichwa nikaubadilisha kwa ule wenye ngao ya matundu ya shaba. Mwisho nikauweka ubao mzima ndani ya kopo la maziwa ya unga (si lile, Bibi asingekubali), nikaliunganisha kopo na ile nukta. Nikawasha. Nilidhani mashine imekufa, maana kulikuwa kimya. Kisha Babu akakohoa.

Sijui kama naweza kueleza kikohozi kile. Mama yangu hukohoa vilevile, mara mbili fupi, kabla ya kusema jambo zito.

Siku za kazi zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo nikaketi kunukuu. Sauti ilikuwa nzito, kama mtu anayesema chini ya blanketi, lakini nilielewa, au nilijiona naelewa. Babu anamsalimu mdogo wake, anataja bei ya vitambaa, anaulizia watoto. Katika dakika ya saba anafika kwenye cherehani. Anasema amelipa mafungu mawili. Halafu, ndivyo nilivyoandika: "Sehemu ya mwisho nilimlipa, bwana." Baada ya hapo kelele za shshshsh zinameza kila kitu mpaka upande wa kanda unaisha.

Nilifurahi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kifamilia. Ya pili ni ya kitaaluma, nayo ndiyo inayoniaibisha: niliandika aya nzima juu ya lile neno "bwana". Nilisema ni ushahidi wa mkono wa pwani katika Kiswahili cha Biryogo. Nikarudi nyuma hadi Kigali ya Richard Kandt mwaka 1907, wafanyabiashara na askari waliokuja na lugha hii. Nikamalizia na sheria ya mwaka 2017 iliyokifanya Kiswahili lugha rasmi nchini. Mwalimu aliweka tiki mbili pembeni. Nilipata alama nzuri.

Likizo ilipofika niliamua kuijenga upya mashine, safi zaidi, nimpelekee Bibi. Zile shshshsh zilinikera. Nilisoma kwamba rezista za kaboni zina kelele kuliko zile za utando wa chuma, nikanunua hizo, na kwa kuwa sasa nilikuwa na mita ya kuazima na mwanga wa mchana, nikaipima kila rezista ya zamani kabla ya kuitoa.

Moja ilisoma kilo-omu 1.2. Mchoro ulisema 12.

Rezista ina mistari ya rangi inayotaja thamani yake. Ya 12 ni kahawia, nyekundu, chungwa. Ya 1.2 ni kahawia, nyekundu, nyekundu. Kwa taa ya simu, saa sita usiku, chungwa na nyekundu ni ndugu. Na rezista hiyo ndiyo hasa inayoiambia mashine iache wapi kuinua sauti nene. Kwa kosa langu, badala ya kuachia kwenye mizunguko 1,300, ilikuwa inaendelea mpaka 13,000, na sauti nyembamba zikabaki zimezama. Nilikokotoa: kwenye mizunguko 5,000 nilikuwa nasikia robo na ushei tu ya nilichopaswa kusikia. Wenzangu wa fonetiki wanajua nani anaishi huko juu. Ni S. Na ule mpasuko wa K nao hupoteza makali yake.

Nikaweka rezista sahihi. Nikakaza kidogo kwa bisibisi ile skrubu inayoinamisha kichwa, mpaka herufi S za Babu zikachongoka. Nikakimbiza kanda hadi dakika ya saba.

"Sehemu ya mwisho sikumlipa, maana..."

Na zile shshshsh nilizotaka kuziondoa kwa rezista za utando wa chuma zilikuwa mvua juu ya mabati. Sasa unasikia tone moja moja, kisha mengi, kisha yote kwa pamoja. Babu anaendelea kuongea chini yake. Anaeleza sababu, naamini, maana kasema "maana". Nilisikiliza mara nyingi, kisha kwa kuogopa kuichakaza kanda nikainakili kwenye kompyuta na kusikiliza huko. Yapo maneno mawili matatu, huenda moja ni "mtoto", huenda si hilo. Nimeshajifunza kutoandika ninachotaka kusikia. Ni- na si-, silabi tano hapa na silabi tano pale, na masikio yangu yalichagua ile niliyofundishwa nyumbani.

Nilimwendea Mwalimu, nikamweleza. Alisikiliza sehemu hiyo mara tatu kwa spika za masikioni, akazivua, akasema, "Pole kwa 'bwana' wako. Mimi mwenyewe nilimpenda." Alama hakuzibadilisha. Aliniambia niandike haya.

Mama alikuwa mgumu zaidi. Alisema nisimpelekee Bibi kitu kama hicho, mtu wa miaka themanini na kitu, kwa deni la cherehani ambayo haipo tena. Nilikaa na mashine siku kumi. Sikuwa na hoja nzuri ya kumjibu, na sidhani kama ninayo hata leo. Lakini kopo lile lilikuwa mezani, na Bibi alikuwa anapiga simu kila Ijumaa kuuliza, "Mjukuu wangu, umemaliza?"

Nikampelekea. Nikaunganisha spika ndogo, nikaweka kanda, nikabonyeza. Bibi alikaa kwenye mkeka, mikono mapajani. Kwenye kikohozi alitabasamu. Kwenye bei ya vitambaa alibishana naye, kwa sauti, kwamba haikuwa bei ile. Dakika ya saba ilipofika nilimtazama Mama, naye akatazama mlango.

Bibi akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasema tena, "Rudisha." Mara ya tatu hakuangalia spika, aliangalia dirisha.

"Mvua ile naikumbuka," alisema. "Nilikuwa nimeanika nguo, nikamwita anisaidie, asije. Nilimgombeza."

Juu ya deni hakusema lolote siku hiyo. Sikujua kama alijua tangu zamani au alijua wakati ule ule tunamwangalia. Juma lililofuata alimpigia simu Mama, akauliza kama kile kidude cha mtoto kinaweza kubebwa. Mama akauliza kibebwe kwenda wapi. Bibi akataja jina la mjane wa yule jirani.

Nimenunua betri mbili mpya na kulifunga kopo kwa mpira ili mfuniko usilegee. Bibi ametoa sharti moja tu: tusiende siku ya mvua, kwa kuwa mabati ya nyumba ile yana kelele na hatutasikia kitu. Sasa ni Aprili. Tunasubiri.