Mbili kwa Siku

Mjomba hapendi neno kiharusi. Husema "ile siku niliyoanguka", kana kwamba aliteleza bafuni. Wakubwa wa ukoo wana maelezo yao: katupiwa jini, kuna mtu anakitaka kiwanja chake cha Mbagala. Sigara haikutajwa na yeyote, kwa sababu Mjomba hakuwa mtu wa pakiti. Alivuta mbili tu, moja baada ya chai ya asubuhi, nyingine jioni kwenye bao, na alizinunua mojamoja dukani kwa Mangi.

Nasoma shahada ya uzamili ya takwimu za afya, na hizo mbili zilinikaa kichwani. Ungedhani sigara moja ina sehemu moja ya ishirini ya madhara ya pakiti nzima. Haiko hivyo. Mwaka 2018 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi: mwanamume anayevuta sigara moja tu kwa siku ana hatari ya kiharusi iliyozidi ya asiyevuta kwa takriban asilimia 25, mwanamke asilimia 31. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya hatari inayoongezwa na sigara ishirini. Moshi kidogo unatosha kuumiza kuta za mishipa na kuifanya damu iwe nyepesi kuganda. Nikotini nayo hupandisha presha.

Nilimweleza, nikiwa nimeketi naye barazani.

"Mjomba," akasema (sisi huitana hivyo wote wawili), "mimi nimeshaanguka. Nikiacha sasa nitapata nini?"

Nikamwambia habari za Framingham, mji wa Marekani ambao wakazi wake wanafuatiliwa tangu 1948. Mwaka 1988 watafiti waliripoti kwamba walioacha sigara, hatari yao ya kiharusi ilishuka sana ndani ya miaka miwili, na kufikia mwaka wa tano ililingana na ya wasiovuta. Sikumficha kwamba hao walikuwa hawajawahi kuanguka.

Akahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, maana wa kulia bado haukunji.

"Hiyo mitano inaanzia siku niliyoanguka?"

"Inaanzia sigara ya mwisho, Mjomba."

Akatazama upande wa duka la Mangi, kisha akanitazama mimi.

"Basi anza kuhesabu kesho."